Mheshimiwa Waziri, tunaomba hesabu ya mikoko iliyo hai, sio iliyopandwa

Mheshimiwa Waziri wa Mazingira, shikamoo.

Naenda moja kwa moja maana najua una makaratasi mengi. Ripoti za miradi ya kupanda mikoko zinakufikia na namba kubwa kubwa, miche laki kadhaa, picha za watu wamezama topeni na tisheti za mradi, basi imeisha hiyo. Hivi baada ya miaka mitatu nani huwa anarudi kuangalia imebaki mingapi?

Sri Lanka baada ya tsunami ya 2004 watu walipanda kwelikweli, hela zikamwagwa, watafiti walipokuja kukagua sehemu 23 wakakuta 9 hakuna hata mche mmoja uliopona, na kati ya hekta 1,000 hadi 1,200 zilizopandwa zilizofanikiwa ni kama 200 na kidogo.

Na sio uvivu wa wanakijiji. Mradi unakuja na aina moja tu, mkoko magondi, kwa sababu mbegu yake ni ndefu unaichomeka tu kwenye tope na picha inatoka poa, basi inachomekwa mpaka kule mbele baharini ambako kwa asili yake ni kwa mlilana, aina nyingine ya mkoko, au hapaoti kitu kabisa. Pita baada ya miezi michache uone, shina limevaa magamba ya vijidudu vya baharini hadi limeinama, wimbi likija linaondoka nalo. Wavuvi na kina mama wanaookota chaza wanajua maji yanafika wapi na yanakaa muda gani, ila wao wanaitwa siku ya kupanda, wanapewa posho, kwaheri.

Halafu kuna sehemu hazihitaji hata kupandwa. Bwawa la kufugia kamba lililotelekezwa, ukibomoa kingo maji yakaanza kupanda na kushuka kama zamani, na kama kuna msitu jirani, mbegu zinaelea zinakuja zenyewe. Kwa hesabu yenu ya miche huo mradi unapata sifuri (na msitu umerudi!).

Kupima inawezekana. Gazi kule Kenya, Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji ulioanza 2013, wanauza kaboni ya hekta 117, yaani wanalipwa kwa hewa ukaa ambayo mikoko inaihifadhi, na hulipwi bila kupima miti, hela inaenda kwenye maji na shule za vijiji vyenyewe, ndo maana watu wanaulinda msitu.

Ombi letu ni hili: sehemu ya hela ya mradi ishikiliwe mpaka mwaka wa tano. Eneo lipimwe kabla ya kupanda, pamoja na eneo jirani lisilopandwa ili tuone tofauti, miche ya kujazia pale iliyokufa iandikwe kivyake isihesabiwe kama mipya, na vijana wa kijiji wafundishwe kupima na walipwe kwa kazi hiyo. Wavuvi nao waulizwe wanapata nini sasa, na waliokuwa wanakata boriti hapo wamehamia msitu gani. Majibu yasomwe kwenye mkutano wa kijiji kwanza, ndo yaje ofisini kwako.