Mafundi wetu, POP si ya kila ofisi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wa kompyuta wa Mwanjelwa na Kabwe, na wenzao wa Makambako na Mafinga, wanaofunga barua pepe kwenye kompyuta za shule, maduka na vyama vya ushirika. Wengi bado wanachagua POP, njia ya zamani ya kupokea barua, kwa mazoea, kisha mhasibu anabaki kujiuliza kwa nini simu yake ina barua za wiki mbili tu.

Hakuna uchawi hapo. POP hushusha barua kwenye kompyuta, na programu ya barua ya Thunderbird, usipoigusa mipangilio yake, huacha nakala kwenye seva (kompyuta ya mtoa huduma inayotunza barua) kwa siku 14 kisha huifuta. Baada ya hapo barua imo kwenye diski moja tu, chini ya meza, na umeme wetu ukikatika haubishi hodi. Diski ikifa, ankara na mikataba imekwenda nayo. Njia nyingine, IMAP, huacha barua kwenye seva, simu na kompyuta zikaona kikasha kilekile. Ina masharti yake: ukifuta kwenye simu umefuta kote, na nafasi ya seva hujaa. Fundi aulize kwanza mteja amelipia gigabaiti ngapi. Anayelalamikia bando apangiwe kompyuta ihifadhi barua za siku 30 za karibuni tu; za zamani atazifungua anapozihitaji.

Lalamiko la pili ni “zinaingia, hazitoki”. Kupokea na kutuma ni seva mbili, zenye mipangilio miwili. Kupokea kwa IMAP ni mlango (port) 993 na SSL/TLS, ulinzi unaoficha mawasiliano tangu mwanzo. Kutuma ni 465 na SSL/TLS, au 587 na STARTTLS, ambapo ulinzi huwashwa baada ya mazungumzo kuanza. Ukizichanganya, kwa mfano 465 na STARTTLS, programu na seva kila mmoja humsubiri mwenzake aanze, mpaka muda unakwisha. Mlango 25 uacheni. Watoa huduma wengi wa intaneti huufunga kuzuia barua taka. Tena msiache sehemu ya uthibitishaji wa kutuma ikisema “hakuna”, kwani seva itakataa kupeleka barua nje. Jina la mtumiaji mara nyingi ni anwani nzima, pamoja na kilicho baada ya @.

Wenye Gmail, nywila ya kawaida haipiti tena kwenye programu hizi. Chagueni njia ya kuingia iitwayo OAuth2, dirisha la Google lifunguke mteja aingie mwenyewe. Likigoma kukamilika, angalieni kama vidakuzi (cookies) vimezimwa ndani ya Thunderbird. Programu ya zamani isiyojua OAuth2 hupewa nywila ya programu ya herufi 16, lakini lazima uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe kwanza. Mteja akibadili nywila yake ya Google, hiyo ya programu nayo inakufa.

Onyo la cheti, yaani kitambulisho cha usalama cha seva, likitokea, msikimbilie kubonyeza “kubali”. Tazameni saa ya kompyuta. Betri ndogo ya CR2032 inayotunza saa hiyo ikiisha, kila umeme ukikatika mashine hurudi miaka ya nyuma, na cheti kizima kikaonekana bado hakijaanza kutumika. Badilisheni betri.

Kuhama kutoka POP ndiko kunakopoteza barua nyingi, maana fundi hufuta akaunti ya zamani kwanza. Thunderbird haigeuzi POP kuwa IMAP. Ongezeni akaunti mpya kando ya ile ya zamani, kisha nakilini barua, msizihamishe, mia mbili mia tatu kwa mara moja. Zinapandishwa kwenye seva, kwa hiyo bando litaliwa na mtandao ukiyumba kundi kubwa hukatikia njiani. Fungueni kikasha kwa kivinjari, hesabuni kila folda, hasa ya zilizotumwa, ambayo POP haikuwahi kuipeleka popote. Hesabu zikilingana, ndipo akaunti ya zamani iondolewe.

Msomaji,
Uyole, Mbeya