Ndia Kuu si kosa la tahajia: barua ya wazi kwa msimamizi mkuu wa hifadhi yetu ya picha

Kwa Msimamizi Mkuu,

Assalaam alaykum. Nakuandikia hadharani kwa sababu faraghani nimeshakuandikia mara tatu, kimya.

Juzi nilipandisha picha ya Ndia Kuu, hapa Mji wa Kale, Mombasa, nikaiwekea tagi (neno la kutafutia picha) hiyo hiyo. Kesho yake nakuta imegeuzwa "Njia Kuu", na sababu imeandikwa kwa maneno mawili: tahajia sanifu. Bwana, hilo ni jina la mtaa, na kwa Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa, njia ni ndia. Sasa anayetafuta Ndia Kuu haambulii kitu. Ila "Fort Jesus" na "Ngome ya Yesu" zimeachwa zote mbili, kila moja na picha zake, hazijuani. Kilindini Road imefutwa eti siku hizi ni Moi Avenue, lakini Salim Road ipo palepale, na sote twajua ni Digo Road.

Hayo ningeyameza. Lililoniuma ni picha ya bibi yangu. Amesimama kwenye daraja la zamani la Nyali, lile la kuelea, upepo umelipeperusha buibui lake hadi pindo la leso likatokeza, na ukiikuza picha unasoma nusu ya jina la leso. Niliweka tagi nne: leso, jina la leso, daraja la kuelea, kabla ya 1980. Leso ikawa kanga (haya, kwengine ndivyo wasemavyo, lakini huyu ni mwanamke wa Mombasa). Jina la leso likafutwa. "Kabla ya 1980" nayo ikaondolewa kwa kanuni yenu kwamba tagi iwe ya kinachoonekana tu.

Mbona kinaonekana! Daraja la sasa lilichukua nafasi ya lile mwaka 1980, na bibi yuko juu ya lile. Nayo maandishi ya leso kama si kitu cha kuonekana, ni nini? Wakati huo huo picha nyingine ya daraja lilo hilo ina tagi "1965", bila tarehe nyuma wala maelezo, na haijaguswa. Aliyeiweka ni mmoja wa waangalizi wenu.

Najua mnajitolea, na kanuni yenyewe siipingi. Bila hiyo tungejaziwa tagi za "enzi za raha" na "mama mrembo". Ninachoomba ni iandikwe mahali pamoja na itubane sote. Tagi moja iwe kuu na majina mengine yaelekezwe kwake, ili wa leso na wa kanga wakutane kwenye picha ile ile. Jina la mtaa liwe la wenyeji, na la zamani lielekezwe huko. Mwaka ukubaliwe kama kuna kitu pichani kinachouthibitisha, na anayeuweka akitaje. Na mwangalizi akifuta tagi ya mtu, aache jina lake na sababu inayoeleweka, si maneno mawili.

Picha za bibi zilizobaki ziko kwenye bahasha juu ya kabati. Kuna moja ya feri ya Likoni ambayo sijaiona popote pengine. Nitaipandisha siku nitakayojua niiandikie nini.

Wenu,
Mchangiaji wa Kibokoni