Kwa Vijana Mliozaliwa Mkakuta Mali Nyumbani

Wajukuu zangu,

Nawaandikia nyinyi mliofumbua macho mkakuta mashamba yenye hati, nyumba za kupangisha na hisa za kampuni aliyoianzisha babu. Sikuja kuwatukana. Kwa miaka mingi nimeitwa kusuluhisha vikao vya mirathi, na kuna jambo ambalo wazazi wenu hawawaambii, pengine kwa sababu nao hawakuambiwa.

Fedha ni sehemu ndogo ya mlichorithi. Kijana asiye na mgongo wa familia akifungua biashara ikafa, hulipa deni kwa miaka na hathubutu tena. Wewe yako ikifa unarudi nyumbani, unakula, unalala, mwakani unafungua nyingine. Ya tatu ikishika unasifiwa kwa ujasiri. Ujasiri gani? Ulikuwa na pa kuangukia. Ongeza hapo simu moja ya mjomba kwa meneja wa benki, shule ulikozoeana na watoto wa wakubwa, na ile namna ya kuingia ofisi ya mtu bila kutetemeka, ambayo hukufundishwa na yeyote kwa kuwa uliiona tangu utotoni. Hayo hayaandikwi kwenye wosia wala hayatozwi kodi. Basi mnaposimama mbele ya wenzenu mkasema mlianza mikono mitupu, mnawadhulumu. Wanarudi makwao wakijiona wazembe, kumbe wamekimbia mbio ambazo nyinyi mlizianzia katikati ya njia. Semeni tu: mtaji alinipa baba, mteja wa kwanza alikuwa rafiki wa mama. Hakuna aibu katika kupewa.

Wala msidhani tabaka lenu liliota lenyewe. Sheria ndizo zilizolilea. Uingereza, mpaka mabadiliko ya mwaka 1925, mtu akifa bila wosia ardhi yake ilikwenda kwa mwanawe wa kiume wa kwanza. Wadogo walitafuta riziki jeshini, kanisani au mahakamani. Ndivyo koo zilezile zilivyoshika mashamba yaleyale karne kwa karne. Ufaransa, sheria ya mwaka 1804 iliwapa watoto wa ndoa mafungu sawa, na ardhi ikakatwakatwa kila kizazi. Katika Uislamu mafungu yamepangwa kwenye Sura An-Nisaa, na wosia hauvuki theluthi moja. Leo Uingereza hutoza kwa kawaida asilimia 40 ya mali ya marehemu inayozidi pauni 325,000, ilhali Uswidi iliifuta kodi ya urithi mwishoni mwa 2004. Mkono wa mtunga sheria ungeinama kidogo upande mwingine, huenda mngekuwa wapangaji.

Mali yenyewe nayo haina adabu ya kukaa. Cornelius Vanderbilt, tajiri wa meli na reli wa Marekani, alifariki mwaka 1877 akiacha kiasi cha dola milioni 100, sehemu kubwa mno akimwachia mwanawe mmoja, William. Ndugu wakaenda mahakamani kuupinga wosia. William hakuwa mjinga: alipofariki mwaka 1885 mali ilikuwa imekaribia maradufu. Waliomfuata wakamwaga fedha kwenye majumba, na mengi ya yale ya mtaa wa Fifth Avenue jijini New York yakaja kubomolewa. Watu hupenda kucheka ubadhirifu wa wajukuu wale. Mimi hunisikitisha zaidi wale ndugu mahakamani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nimekutana na warithi wanaojua bei ya gari la baba lakini hawajui kwamba nyumba wanayolala imewekwa rehani. Kuuliza, wanasema, ni kumtakia mzee kifo. Ulizeni hivyohivyo, tena mkiwa wote: dada zenu walioolewa wawepo, na yule mtoto wa nje ambaye kila mtu anamjua na hakuna anayemtaja, maana msipomwita leo atajileta msibani na wakili wake. Mwambieni mzee hamtaki kugawana, mnataka kujua kilichopo, kinachodaiwa, na nani ameshika hati gani.

Mkiwa hapo, mwulizeni pia mali ilipatikanaje. Swali hili litawanunisha watu, najua. Lakini nyuma ya mashamba mengine kuna jirani aliyesogezewa mpaka, na nyuma ya kampuni nyingine kuna mshirika aliyetolewa bila kulipwa, au wafanyakazi waliostaafu wakidai. Katika mirathi yoyote niijuayo, madeni hutoka kwanza ndipo warithi wapate. Basi yaandikeni na haya humo daftarini kwa majina yao, watu hao au watoto wao wangali hai, kabla hamjaanza kuhesabiana mafungu.

Babu yenu