Meya aje kwenye maonesho, ila ashuke kwenye gari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu yule msomaji aliyeandika kwamba meya apunguze kuzurura kwenye maonesho na magwaride, akae ofisini afanye kazi aliyopewa. Barua yake nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikubaliana nae mia kwa mia, mara ya pili nikaona hapana bwana, huyu ndugu amekosea shabaha. Kuja kwa meya sina shida nako, shida yangu ni namna anavyokuja.

Nasema hivi sababu mimi ni mjumbe wa kamati ya maonesho kwa miaka kadhaa sasa, kazi yangu kubwa ni viti, nyaya na maiki, kwa hiyo vituko vya mgeni rasmi nimeviona kwa macho yangu sikuhadithiwa.

Mwaka jana ratiba iliandikwa mgeni rasmi, yaani meya, atawasili saa tatu asubuhi. Saa kumi na mbili sisi tupo uwanjani tunafunga maturubai, saa mbili watoto wa bendi ya matarumbeta wameshapanga mstari, sare zimenyooshwa, kuna katoto kamoja kalipewa ngoma kubwa, yaani ukikaangalia kwa mbele unaona ngoma na miguu tu. Saa tatu ikafika. Saa nne. Tukapigiwa simu kwamba mheshimiwa yuko njiani, na mtu yeyote aliyewahi kuandaa shughuli anajua "yuko njiani" maana yake ndo kwanza anatafuta soksi. Saa tano jua limeshakuwa kali, kale ka ngoma kakakaa chini, mwenzie wa tarumbeta akaanza kutapika ikabidi tumkimbize kivulini, na kivuli pekee kilichokuwepo ni hema la wageni waalikwa, mlinzi akatukatalia kuingia eti viti vimeshafungwa vitambaa. Nikamwambia mtoto anaumwa huyu, akanijibu mimi nimepewa maagizo. Tukambeba tukaenda kumlaza chini ya lori la jenereta. Saa sita na nusu ndo ving'ora vikasikika na MC akaanza kupiga kelele tusimame kwa heshima, watoto wakanyanyuka, wakapiga matarumbeta kama vile ndo wamefika dakika hiyo hiyo.

Akashuka, akakata utepe wa maonesho ambayo yalikuwa yameshafunguka yenyewe toka asubuhi, maana watu hawawezi kuacha biashara wasubiri mkasi. Akasema itifaki imezingatiwa, halafu akaitaja itifaki yote upya mtu mmoja mmoja. Hotuba ikaenda karibu saa nzima. Mabanda akazungukia matatu, yale ya mbele, ambayo wapambe wake walikuja kuyachagua jana yake jioni na kuwaambia wenye nayo waseme nini. Huko nyuma kulikuwa na mzee mmoja fundi, ameunda pampu ya maji ya kukanyaga kwa miguu kwa kutumia vyuma chakavu, siku hiyo amevaa koti, na asubuhi nikiwa napita na nyaya zangu nilimkuta anafanya mazoezi ya maelezo yake peke yake, "Mheshimiwa, pampu hii...", anakwama, anaanza tena. Mheshimiwa hakufika huko. Wakati msafara unaondoka yule mzee alikuwa bado anakanyaga, maji yanatoka vizuri kabisa, yanamwagika chini.

Najua yule msomaji akisoma hapa atasema si ndo nilichosema mimi, bora abaki ofisini. Ngoja basi.

Kuna mwingine aliwahi kukalia kiti hicho hicho huko nyuma, simtaji asije mtu akasema nampigia debe. Huyu alikuja saa mbili asubuhi kwa miguu, hana mkufu shingoni wala joho, ana kijana mmoja tu kashika daftari. Sisi wa kamati hata hatukumtambua, mimi mwenyewe nilimwambia shika hapa mzee tunyanyue hii meza, akashika. Kitu cha kwanza alichouliza ni choo kiko wapi. Tukamwonyesha. Akapanga foleni, na alipotoka alisimama pembeni kama dakika kumi hivi anaangalia tu, akaona upande wa wanaume watu wanaingia na kutoka, upande wa akina mama foleni imezunguka hadi kwenye geti, wengine wamebeba watoto. Akamwambia kijana andika. Kwenye hotuba yake, ambayo haikumaliza hata dakika tano, choo hakukitaja. Mwaka uliofuata tulipoomba uwanja tukakuta vyoo vya akina mama vimeongezwa mara mbili. Sasa niambieni, angekaa ofisini hiyo foleni angeiona wapi? Kuna ripoti gani duniani inaletwa mezani kwa meya ikisema akina mama wanabanwa?

Ndo maana nasema yule msomaji amekosea shabaha. Ofisini kuna geti, kuna mlinzi, kuna katibu muhtasi, kuna fomu, kuna njoo wiki ijayo. Anaefika hadi kwenye kile kiti ni mtu mwenye muda na mwenye kujua pa kupita. Mama mwenye meza ya vikapu hana siku ya kupoteza akisubiri kwenye benchi, lakini kwenye maonesho meya anampitia pale pale alipo, hata akimwambia neno moja tu limetosha.

Halafu kuna jambo lingine watu wanalichanganya, na hapa namlaumu kidogo ndugu yangu. Meya hawafanani kila mahali. Kuna miji, mfano New York, ambako meya ndo mtendaji mkuu, bajeti yake, polisi wake, lawama zake. Lakini kwenye miji mingi ya Uingereza meya ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzie kwa mwaka mmoja, anaongoza vikao vya baraza, anavaa mkufu wa umeya, mambo ya chama anayaweka pembeni kwa mwaka ule, na kazi yake kubwa iliyobaki ndo hiyo hiyo ya kwenda kwenye maonesho, shule, magwaride na sherehe za watu. Huyo ukimwambia akae ofisini unamwambia asifanye kazi. Kwa hiyo kabla hatujamsema mtu tuulize kwanza kiti chake kina kazi gani, na kama kazi ni kuonekana basi tumpime kwa namna anavyoonekana.

Na kuonekana kwenyewe kuna historia ambayo mimi ilinichekesha nilipoisoma. Lile gwaride kubwa la meya wa London, lile la mkufu na gari la farasi lililopakwa dhahabu lililotengenezwa 1757 (sio yule meya mwingine wa London anaechaguliwa na wananchi toka 2000, hawa ni wawili tofauti), lilianzaje? Mwaka 1215 Mfalme John aliwapa watu wa London haki ya kujichagulia meya kila mwaka, kwa sharti moja, akishachaguliwa atoke mjini aende mpaka mbele ya mfalme akaape utii. Ile safari ya kwenda kuapa ndo taratibu ikageuka maandamano ya sherehe, na hadi leo inafanyika kila Novemba. Yaani mwanzoni kabisa meya alikuwa njiani anaenda kujieleza kwa mkubwa wake, watu wamejipanga barabarani wanamwangalia akienda. Sisi tumeigeuza, sisi ndo tunaenda kujipanga juani ili yeye aje atukague. Ni kweli yule wa London nae hatembei, anapanda lile gari la dhahabu, hapo mkinicheka nitanyamaza.

Kuhusu muda, niwape mfano wa sherehe ya bia ya Munich kule Ujerumani. Tuiache habari yenyewe ya pombe, nachotaka ni saa. Toka 1950, alipoanza meya Thomas Wimmer, meya wa mji ndo anaefungua ile sherehe yao ya Oktoberfest kwa kugongelea bomba kwenye pipa la kwanza, saa sita kamili mchana, na kabla hajagonga hakuna mtu anaehudumiwa bia. Sasa fikiria halaiki yote ile ina kiu halafu meya "yuko njiani". Haiwezekani! Na watu wanahesabu amegonga nyundo mara ngapi mpaka bomba likaingia, akigonga mara mbili ni sifa, akigonga nyingi watu wana la kusema. Yaani hata sherehe yenyewe imepangwa kwamba meya ndo anaefanya kazi mbele za watu na watu ndo wanaotoa maksi.

Ila kwa maksi wanaoniua mimi ni watu wa mji wa High Wycombe, Uingereza. Kule kila Mei wanamtoa meya hadharani wanampandisha kwenye mizani. Sio utani. Anapimwa anapoingia na anapimwa anapomaliza, madiwani nao wanapimwa, na kuna mpiga mbiu amevaa kofia yake anasoma uzito kwa sauti, na kama mtu ameongezeka mpiga mbiu anaongezea "na zaidi kidogo!" hapo watu wanazomea, maana yake umenenepa kwa kodi zetu. Asiponenepa anashangiliwa. Sisemi tuwapandishe wetu kwenye mizani (japo wapo wawili watatu ningependa kuona), ila wazo nimelichukua na nimelipeleka kwenye kamati kama ifuatavyo, kwamba MC kabla ya kumkaribisha mgeni rasmi asome ahadi alizotoa mwaka jana kwenye uwanja huo huo, moja moja, na baada ya kila ahadi wananchi wajibu wenyewe imetimia au bado. Basi. Hakuna matusi, hakuna hotuba. Mwenyekiti wetu aliposikia alikohoa akasema tuliweke kwenye mengineyo, na mnajua mengineyo ni mahali pa namna gani.

Swala la gwaride nalo ni hivyo hivyo. Akikaa jukwaani chini ya mwavuli watoto wanampita wamegeuza shingo, yeye anapunga mkono, anaona vichwa tu. Akitembea nao japo nusu ya njia ataona barabara ilivyo na mashimo, ataona wapi watu wamekaa kwenye mtaro maana hakuna pa kukaa, na watu watamwambia ukweli, wengine watamzomea pia, sawa tu. Ed Koch alipokuwa meya wa New York, kuanzia 1978 hadi 1989, alijulikana kwa kuwauliza watu mitaani "naendeleaje?" Wapo waliomjibu vizuri na wapo waliompa za uso. Meya wetu wa siku hizi kabla hajasalimiana na mtu mpambe ameshasimama katikati kama ukuta, na mpiga picha ameshachagua mtoto wa kubebwa.

Kutokwenda nako kuna ujumbe wake, msidhani ni kukaa kimya. Rio de Janeiro kule Brazili desturi ni meya kumkabidhi mfalme wa kanivali (mtu anaeigiza ufalme siku za sherehe hiyo) ufunguo wa mji, mwaka 2017 meya Marcelo Crivella hakutokea, na gumzo likawa ni yeye badala ya kanivali. Kwa hiyo yule msomaji asidhani meya akibaki ofisini watu watasema anachapa kazi. Watasema anatudharau.

Kuna hoja yake moja lakini namuunga mkono bila kupepesa, ile ya uchaguzi. Miaka mitatu hatuoni mtu, ukikaribia uchaguzi hata maonesho ya darasa la awali yana mgeni rasmi, fulana zinagawiwa, na kila mshindi wa kufukuza kuku anapewa zawadi yenye picha ya mheshimiwa. Hiyo sio kuhudhuria. Kamati zetu nazo zina makosa, tena makubwa, sababu sisi ndo tunaowaita, tunaamini bila mtu mkubwa shughuli haina hadhi, tunabana hela ya watoto kupata maji ili tukodi kochi la mgeni rasmi na zulia la kukanyaga mara moja. Lile hema lililokatazwa mtoto kuingia nililifunga mimi kwa mikono yangu, na vile vitambaa nilivifunga mimi.

Mwaka huu barua ya mwaliko nimeiandika mwenyewe na mwenyekiti ameisaini jana baada ya kubishana sana. Imesema maonesho yanaanza saa tatu kamili awepo asiwepo, bendi inapiga saa tatu na robo, hema ni la watoto na wazee, hotuba dakika tano, na matembezi ya mabanda yanaanzia nyuma, banda la kwanza ni la pampu. Kochi hatujakodi. Jibu kutoka ofisini kwake bado, ila yule mzee nimeshampigia simu, ameniambia safari hii pampu ina tairi mbili.

Ni mimi,
Mjumbe wa kamati, upande wa viti na maiki