Upuuzi katika utafiti hauna idara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwenye ukurasa huu kwamba vyuo vikuu vifute tasnifu za ushairi, za historia na za lugha zilizokufa, na fedha zote zipelekwe kwenye udaktari, uhandisi na kompyuta, kwa kuwa hizo nyingine hazimsaidii mtu yeyote. Aliandika kwa adabu, na wanaofikiri kama yeye ni wengi. Ndiyo maana nimeona isipite hivihivi.

Mimi si profesa. Kazi yangu ni kujalidi vitabu, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi hiyo imekuwa tasnifu za uzamili na uzamivu. Watahini wakishamaliza, mwanafunzi huniletea kurasa zake. Nazishona, nazipaka gundi, nazivika jalada gumu, kisha napiga jina na mwaka mgongoni kwa herufi za dhahabu. Profesa husoma za idara yake. Mezani kwangu hupita za idara zote, na anayengoja gundi ikauke ana muda wa kusoma. Nimesoma nyingi. Nyingine nimezielewa, nyingine nimeambulia ukurasa wa shukrani na ikisiri basi.

Cha kwanza kinachokujia mkononi ni unene. Tasnifu ya hisabati mara nyingi ni nyembamba hata mgongo wake unakataa jina refu. Ya historia ina tanbihi zinazokula nusu ya ukurasa. Ya isimu ina viambatisho vinene kuliko sura zenyewe, maana mazungumzo yote yaliyorekodiwa yameandikwa neno kwa neno, pamoja na pale msemaji aliponyamaza au kukohoa. Ya jiolojia huja na ramani za kukunjwa, na usipoziwekea vipande vya karatasi mgongoni kufidia unene wake, kitabu kinafura upande mmoja na jalada halifungi. Wanafunzi wa jiolojia nawatoza muda zaidi na wanajua kwa nini. Tofauti hizi si za mapambo. Kila fani ina namna yake ya kusema "hapa nimethibitisha", na karatasi hufuata namna hiyo.

Angalia hata idadi ya watu. Mwaka 2015 makundi mawili ya wanafizikia wa maabara ya CERN yalichapisha kwa pamoja makala kuhusu uzito wa chembe ya Higgs. Waandishi walikuwa 5,154. Makala nzima ilikuwa na kurasa 33, na kurasa 24 kati ya hizo zilikuwa majina ya watu na taasisi zao. Upande wa pili yuko mwanahisabati Andrew Wiles, aliyejifungia peke yake miaka saba na swali lililoachwa na Fermat, mwanahisabati Mfaransa, tangu karne ya 17, akatangaza jibu mwaka 1993, likakutwa na pengo, akaliziba mwaka uliofuata akisaidiwa na Richard Taylor. Ukihesabu makala kwa kichwa cha mtafiti, kama msomaji mwenzangu anavyopendekeza, Wiles kwa miaka ile alikuwa mzembe.

Lakini sehemu ya barua ile iliyonigusa zaidi ni pale aliposema kwamba sayansi ina ushahidi na insia, yaani masomo kama lugha, historia na fasihi, ina maoni. Hili halina ukweli, na nitatoa mfano mmoja kwa kirefu.

Kuanzia mwaka 1900, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua huko Knossos, kisiwani Krete, vibao vya udongo vyenye mwandiko ambao hakuna aliyeweza kuusoma. Ukapewa jina Linear B. Lugha yake haikujulikana, na hapakuwa na maandishi ya lugha mbili ya kulinganishia. Mwalimu mmoja wa Kilatini na Kigiriki, Alice Kober wa Brooklyn College, akaamua kutokubahatisha. Alichukua kila alama na kuorodhesha inakaa mwanzo, katikati au mwisho wa neno, na inafuatana na ipi. Alikuwa na vikadi kama 180,000 vilivyoandikwa kwa mkono. Wakati wa vita karatasi ilipoadimika, alikata vikadi vyake kwenye migongo ya kadi za salamu na majalada ya madaftari ya mitihani, akavihifadhi katika maboksi ya sigara. Mimi ni mtu wa karatasi, na sijui habari ya utafiti inayonipa heshima kuliko hii. Hakuwa na kompyuta. Akaonyesha kwamba maneno ya lugha ile hubadilika mwishoni kwa utaratibu maalumu, na kwa njia hiyo alama zikaanza kupangika kwenye jedwali hata kabla ya sauti zake kujulikana. Alifariki mwaka 1950.

Mwaka 1952 msanifu majengo Mwingereza, Michael Ventris, akaendeleza njia hiyo na kutangaza kwamba lugha iliyomo ni Kigiriki cha kale sana. Wengi hawakuamini. Kumbe mchimbaji Carl Blegen alikuwa na kibao kingine kutoka Pylos, Ugiriki, ambacho Ventris hakuwa amekiona alipokuwa akitafuta sauti za alama zake. Kibao hicho kina maneno na picha za vyombo vikiwa bega kwa bega. Blegen akaweka sauti za Ventris juu ya alama zile. Penye picha ya chungu cha miguu mitatu, alama zikasomeka kwa Kigiriki "miguu mitatu". Penye chombo chenye vishikio vinne zikasomeka "cha masikio manne", penye vitatu "cha masikio matatu", na penye chombo kisicho na kishikio, "kisicho na sikio". Blegen akamwandikia Ventris barua mwaka 1953.

Sasa naomba msomaji mwenzangu aniambie: kutoa dai, kisha dai likapimwa kwa kitu ambacho mdai hakuwahi kukiona, na likasimama, tofauti yake na jaribio la maabara ni nini? Mirija ya kioo?

Kuhusu muda nitapita haraka. Yapo mambo yanayojibika kwa wiki, na yapo yasiyojibika kwa umri wa mtu. Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kina faneli ya lami iliyowekwa mwaka 1927 kuonyesha kwamba kitu kinachovunjika kwa nyundo kinaweza pia kutiririka. Tangu shingo ya faneli ilipokatwa mwaka 1930 yamedondoka matone tisa. Profesa John Mainstone aliitunza tangu mwaka 1961 hadi alipofariki mwaka 2013 bila kuona hata moja likidondoka. Safari moja alikuwa ameweka kamera, kamera ikaharibika. Huko Chicago, kamusi ya lugha ya Waakadi wa kale ilianza mwaka 1921 ikakamilika mwaka 2011. Ile ya Kilatini, inayoandaliwa Munich tangu mwaka 1894, bado haijamalizika. Mtu wa bajeti ya mwaka mmoja atazikata zote mbili pamoja na faneli.

Kuna jingine ambalo mwenzangu hakuligusa kabisa: idara hizi zinaazimana. Aliitaja malaria kama mfano wa utafiti wa maana. Sawa. Basi tuitazame dawa yenyewe. Mwaka 1969 Tu Youyou, mtaalamu wa dawa wa Beijing, alipewa kikundi cha kutafuta tiba ya malaria, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea klorokwini. Alianza na vitabu. Kikundi chake kilikusanya maelfu ya maelekezo ya waganga wa kale na kujaribu mimea mingi. Mmea mmoja, Artemisia annua, ulionyesha dalili njema, kisha majaribio ya baadaye yakatoa matokeo ya kuyumba. Akarudi tena kwenye vitabu. Katika maandishi ya Ge Hong, mganga wa karne ya 4, akakuta mgonjwa anaelekezwa kuloweka konzi ya mmea huo katika maji, kuukamua na kunywa maji yake. Kuuchemsha hakukutajwa. Tu akashuku kwamba joto ndilo lililokuwa likiua dawa. Akabadilisha kiyeyusho, akatumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi joto kama 35 tu. Mwezi Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikafuta vimelea vyote katika damu ya panya wa majaribio. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2015.

Ile sentensi ya Ge Hong haikusafiri miaka 1,600 yenyewe. Kuna watu walioinakili, wengine wakailinganisha nakala kwa nakala, wengine wakaichapa, na nathubutu kuongeza, wengine wakaijalidi. Karibu wote hao msomaji mwenzangu angewafuta kazi.

Wala si tukio la pekee. Wanaastronomia wanaujua umri wa wingu la Crab, mabaki ya nyota iliyolipuka, kwa sababu watunza kumbukumbu wa China waliandika mwezi Julai 1054 kwamba imetokea nyota mgeni inayoonekana hata mchana. Tunajua kwa kipimo kwamba mzunguko wa dunia unapungua kasi kwa sababu kuna wanaoweza kusoma vibao vya Babeli vilivyorekodi kupatwa kwa jua na mwezi. Wachunguzi wa tabianchi huchambua daftari za manahodha wa karne ya 18 kujua upepo ulivumaje kabla ya vituo vya hali ya hewa. Na mkopo huenda pande zote: wanahistoria hupima umri wa mbao na mifupa kwa njia ya kaboni ya mwanakemia Willard Libby, iliyompatia Nobel ya kemia mwaka 1960.

Hata ndani ya sayansi yenyewe huwezi kujua mapema lipi litafaa. Edward Knipling, mtaalamu wa wadudu wa Marekani, alikaa akiangalia jinsi nzi wanaotaga kwenye vidonda vya ng'ombe wanavyopandana. Kwa jina tu, hiyo ni kazi ya kuchekwa. Akagundua kwamba jike hupandwa mara moja tu maishani, kwa hiyo madume waliofanywa tasa kwa mionzi wakimwagwa kwa wingi, kizazi kinakatika. Nzi hao wakatoweka katika kisiwa cha Curaçao, huko Karibi, mwaka 1954, na njia hiyohiyo ndiyo iliyowamaliza mbung'o wa Unguja katika miaka ya 1990.

Simaanishi kila tasnifu inayopita mezani kwangu ni dhahabu. Nyingine ni aibu. Nimewahi kujalidi mbili zenye sura ya pili inayofanana hadi makosa ya tahajia, na hojaji ambazo jibu lake limo ndani ya swali siwezi kuzihesabu. Lakini hizo zimetoka uhandisi, zimetoka elimu, zimetoka fasihi, zimetoka afya. Anayetaka kufagia uzembe aende kwa wasimamizi wasiosoma kazi za wanafunzi wao. Huko nitamsindikiza.

Kwako, Mhariri, nina ombi. Mna ukurasa mzima wa michezo kila siku, na sina ugomvi nao, naanzia hapo hapo. Kila wiki tupeni robo ukurasa ya ikisiri moja ya tasnifu, iandikwe na mwenyewe kwa Kiswahili cha kueleweka, na idara zipokezane: wiki hii wadudu, wiki ijayo nyimbo, inayofuata namba tasa. Mkikosa pa kuanzia, jina na anwani yangu mnavyo. Wenye kazi hizo huja kwangu wenyewe.

Wako katika kusoma,
Mjalidi wa vitabu
(jina naomba lihifadhiwe)