Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kemikali za Viwandani na Uzazi wa Samaki

Ndugu wanachama,

Vikao vyote vya kikatiba vimefanyika, na hesabu mtasomewa na mweka hazina. Mimi nina jambo moja, lile lililoigawa kamati mwaka mzima: tunapotafuta madhara ya kemikali za viwandani kwa samaki, tupasue tumbo au kichwa?

Tumezoea tumbo. Dume akikutwa na vitelojenini, protini ya kiini cha yai ambayo kwa kawaida hutengenezwa na ini la jike, tunajua majini kuna kitu kinachojifanya estrojeni, homoni ya kike. Nonilfenoli, inayotokana na sabuni za viwandani, ina tabia hiyo. Kule Kanada, kuanzia 2001 hadi 2003, watafiti walitia estrojeni ya vidonge vya uzazi wa mpango katika ziwa la majaribio, nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita, na vidagaa aina ya fathead minnow nusura vitoweke. Hiyo ni dawa, si taka ya kiwanda, nakubali.

Ila amri ya kuzaa hutoka ubongoni. Haipothalamasi, sehemu ya ubongo, hutoa homoni iitwayo GnRH, GnRH huiamuru tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo iachie homoni nyingine, LH, na LH ndiyo huamsha korodani na ovari. Dopamini, mojawapo ya kemikali zinazopeleka ujumbe ubongoni, huzuia mtiririko huo kwa samaki wengi. Serotonini, kemikali nyingine ya aina hiyo, inaweza kuuchochea, na hapo ndipo PCB, kemikali za mafuta ya transfoma, zinapoingilia. Utafiti wa 2001 kwa samaki aina ya Atlantic croaker ulionyesha kwamba zinakidhoofisha kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa serotonini. Serotonini ilishuka, LH ikafuata. Samaki walipopewa 5-HTP, kitangulizi cha serotonini kinachoruka hatua hiyo iliyozibwa, LH ilipanda tena. Jaribio hilo ndilo lililonihamisha kutoka upande wa tumbo kwenda wa kichwa. Anayepima korodani peke yake huona matokeo tu, wala hajui hitilafu ilianzia wapi.

Na msiseme PCB ni habari ya zamani. Mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa 2001 ulizipiga marufuku, lakini bado zimo kwenye tope na kwenye mafuta ya samaki.

Kamati imekubali, kwa tofauti ndogo ya kura, tupime vyote viwili. Sampuli zetu za kwanza za ubongo ziliharibika kwa kuchelewa kugandishwa. Kosa ni letu. Safari hii zitagandishwa palepale, na tutalinganisha samaki waliofikia hatua moja ya ukomavu, maana homoni hupanda na kushuka kwa msimu. Wanaojitolea wampe katibu majina kabla hatujafunga kikao.

Mwenyekiti