Barua kutoka Dodoma: Mzee Wetu Amerudi Jukwaani

Dodoma,
Jumatatu asubuhi

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako upepo wa Julai unavuma usiku kucha na hakuna anayetoka bila koti. Natumaini wewe na wajukuu hamjambo huko Tabora. Sisi tu wazima.

Nimeamka mapema nikuandikie kabla sauti za juzi hazijanitoka masikioni. Uliponijibu kwamba hutakuja kwenye onyesho kwa sababu huna moyo wa kumwona mzee wetu, mwimbaji wa dansi tuliyemsikiliza tangu shuleni, akihangaika kuitafuta sauti aliyokuwa nayo ujanani, nilikuelewa, maana hata mimi nilikata tiketi nikiwa na hofu hiyohiyo. Miaka zaidi ya ishirini bila kupanda jukwaani si michache, na wewe na mimi tunajua kilichomnyamazisha. Katika bendi zetu za dansi, tangu NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi na mwanamuziki alikuwa mtu wa mshahara; mwajiri akiishiwa, au mkikosana, magitaa na spika hubaki kwake, nawe unatoka na koo lako tu. Ndivyo alivyotoka mzee wetu.

Onyesho lilichelewa kwa muda wa karibu saa mbili, na katika nyimbo tatu za mwanzo spika zilikoroma hata saksafoni hazikusikika vizuri. Hayo niyaache.

Alipanda taratibu, amevaa suti ya Kaunda ya kijivu, ameshika mkono wa mpiga tumba. Ulipofika wimbo wetu, ule wa kijana anayemuaga mama yake stesheni, alitupa mgongo, akamwinamia mpiga gitaa la solo na kumwonyesha kidole gumba kikielekea chini, mara mbili. Yule kijana akasogeza mkono wake kuelekea kichwa cha gitaa, akaanza. Ni utangulizi uleule tunaoujua wewe na mimi hadi pumzi zake, lakini umeshushwa, umekuwa mzito, kama mtu anayezungumza baada ya kulia.

Mwalimu, hapo ndipo hofu yangu ilipoishia. Kwenye kanda, unakumbuka, neno «mama» analirusha juu kabisa, nasi tulikuwa tukishindana bwenini nani atalifikia. Juzi hakujaribu hata kidogo kulirusha. Alilisema karibu kwa sauti ya mazungumzo, pumzi ikamwishia kabla neno halijaisha, akaacha iishe bila kuificha. Zamani alikuwa kijana anayeondoka. Juzi nilimsikia mzazi aliyebaki stesheni. Maneno hayakubadilika hata moja, lakini kwa miaka yote hii sikuwa nimewahi kumfikiria yule mama akirudi nyumbani peke yake. Nililia, na sioni haya kukuambia.

Wale wenzake wawili wa kiitikio wametangulia mbele za haki, na mahali pao wamesimama vijana wenye sauti nzuri ambao bado wanaimba kwa uangalifu mno. Kilipofika kiitikio, ukumbi ukakichukua. Unajua Wagogo walivyolelewa katika kuimba kwa sauti nyingi: wanawake waliokuwa nyuma yangu walishika ya juu, wanaume wa upande wa mlangoni wakashika ya chini, na sauti ya pili, ile ya marehemu ambayo sikudhani mtu mwingine aliihifadhi, ikatoka kwa mzee mmoja mwenye kofia ya pamba, amefumba macho. Mwimbaji wetu akateremsha maikrofoni, akatusikiliza, mkono wa kushoto ukipiga mapigo kifuani.

Kisha likaja chemko, ile sehemu ya mwisho ya wimbo inapochangamka. Kwa kuwa santuri nyingi za bendi zetu zilitengenezwa Nairobi, sisi wa mashuleni tuliishi kwa kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, na mle wimbo huu unakatika pale tu magitaa yanapoanza kuchangamka. Kumbe tulikuwa na nusu ya wimbo! Juzi walilipiga karibu robo saa: besi na tumba peke yao, gitaa la ridhimu likajipenyeza, solo likaingia juu yake, na saksafoni mbili, ambazo sasa zilikuwa zikisikika vizuri, zikawa zinaulizana na kujibizana. Mzee alicheza kwa mabega tu. Hakuhitaji zaidi.

Nikuambie pia kwamba wimbo wake mpya haukunigusa. Kinanda kimeyafunika magitaa, na naamini ameshauriwa na watu wanaotaka afanane na vijana. Angeuimba vile alivyouimba ule wa stesheni, tungeuelewa.

Kabla ya kushuka alitutangazia kwamba ataimba tena hapa mwezi Desemba. Treni ya reli ya kati inapita hapo kwenu, na chumba cha binti yangu kiko wazi tangu aolewe. Niandikie siku utakayosafiri ili nije kukupokea stesheni, na usiisahau ile kanda yako, kwa sababu redio kaseti yangu bado inafanya kazi na nataka tusikilize pamoja pale wimbo unapokatika.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi, mwalimu mwenzako wa Dodoma